Tanini na protini ya kondoo

Kwenye milima inayoitazama Bujumbura, kaliandra hupandwa kwa mistari ukingoni mwa mashamba ili udongo usiporomoke, na mfugaji huikata akawapa mbuzi na kondoo. Ni mti wa jamii ya mikunde, na majani yake yana protini nyingi, asilimia 20 hivi ya uzito mkavu. Kwa hesabu hiyo kondoo angenenepa haraka. Kumbe protini ya kwenye karatasi si lazima iwe ya kondoo, na kinachosimama katikati ni tanini.

Neno limetufikia kutoka Ulaya, na asili yake ni kazi ya ngozi. Waswahili wana neno lao la kazi hiyo, kudabagha, na wana malighafi yake: magome ya mikoko ya delta ya Rufiji, na baadaye miwati ya Njombe, ambako kampuni ya kuipanda ilianzishwa mwaka 1949. Hata hivyo naona tuseme tanini tu. "Dawa ya kudabaghia" ingetubakiza kwenye ngozi, na "sumu ya majani" ni uongo nusu.

Tanini ni kundi la kemikali za mimea zenye tabia ya kunasa protini. Hunasa protini za ngozi, ngozi isioze. Hunasa protini za mate, ukabaki na ukakasi ulimini baada ya kutafuna ndizi mbichi. Mtama mwekundu, ule wa pombe, ndege huususa kwa sababu hiyohiyo.

Sasa kondoo. Majani yakifika rumeni, tumbo lake la kwanza, vijidudu huivunja protini ikawa amonia. Kiasi cha amonia hiyo huitumia kujijengea miili yao, ambayo kondoo ataimeng'enya baadaye. Ziada huingia damuni, ini huigeuza urea, ikaishia kwenye mkojo. Tanini ikiwahi kuinasa protini hiyo, vijidudu huikosa. Mshiko hudumu rumeni, penye pH ya 6 hadi 7, lakini abomasamu, tumbo la nne, lina asidi ya pH 2 au 3: mshiko hulegea, na utumbo mwembamba hupokea protini ambayo ingepotea. Tanini pia huzuia povu linalomvimbisha mnyama tumbo.

Yote hutegemea kiasi. Huko New Zealand, kondoo waliolishwa Lotus corniculatus, mmea wa malisho wenye gramu 20 hadi 40 za tanini katika kilo ya majani makavu, waliongeza sufu na maziwa. Kiasi kikizidi gramu 50 au 60, kondoo huanza kususa, vijidudu hudhoofika, na sehemu ya protini hutoka na kinyesi ikiwa bado imenaswa. Kaliandra mara nyingi huvuka gramu 100.

Hadi hapa nimesema juu ya aina moja, ambayo napendekeza tuiite tanini fungamani. Nyingine ni tanini vunjikaji: hukatika vipande vidogo tumboni, vikaingia damuni na kuweza kudhuru ini na figo. Hapo mtu akisema sumu, simbishii.

Kwa mfugaji, kaliandra iwe nyongeza, isizidi asilimia 30 hivi ya chakula. Iliyobaki iwe majani ya tembo au nyasi nyingine. Na ailishe ikiwa mbichi, kwa kuwa ikinyauka kondoo huila kwa kiasi pungufu, nayo humeng'enyeka kwa shida.