Swichi ya Saa

Chombo cha umeme kiwashacho na kuzima taa, pampu au hita kwa nyakati zilizopangwa, ambacho huko Nakuru na Naivasha, umeme ukatikapo mara kwa mara, aghalabu huharibika si kwa kuungua bali kwa kusahau wakati, betri yake ndogo ikiwa imekufa. Betri ikishatiwa nguvu au kubadilishwa, baada ya kuzima swichi kuu, kwani volti 240 huua, hubonyezwa kwa ncha ya kijiti kitufe kilichofichwa tunduni, ndipo saa ipangwe upya. Hapo wengi hukosea: saa mbili usiku ni 20:00, aandikaye 2:00 kwa taa ya banda ataamsha kuku wake saa nane usiku. Mlio “ta!” ukisikika na taa isiwake, kwanza ibadilishwe taa yenyewe, ikikataa, yamkini ncha za rilei, yaani swichi ya ndani itoayo mlio huo, zimeungua.