Jedwali jepesi: usichore kisichoonekana

Umewahi kupakia rekodi laki moja kwenye jedwali la programu yako, kila kitu kikaganda? Usikimbilie kulaumu kompyuta.

Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc kwa ajili ya Apple II. Jedwali lake lilikuwa na safu wima 63 na mistari 254, yaani visanduku 16,002. Skrini je? Herufi 40 kwa upana, mistari 24 tu! Basi skrini ikawa kama dirisha: ukisogea, programu inachora kipande kilicho mbele yako, mengine yanabaki kwenye kumbukumbu.

Baadaye mashine zikapata nguvu, waandishi wa programu tukajisahau. Tukawa tunatengeneza kila mstari, hata ule ambao hakuna atakayeufikia. Mwaka 2005 DataGridView ya Microsoft ikaja na VirtualMode: jedwali linaomba data ya kisanduku pale tu kinapotakiwa kuonyeshwa. Kumbe ni wazo lile lile lililozaliwa na uhaba wa 1979.

Mtumiaji wako haoni rekodi laki moja. Anaona thelathini hivi. Chora hizo.