Ajuaye na Aseme

Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana tunasoma habari za mtu aliyekuwa kipofu tangu kuzaliwa. Wanafunzi walipomwona, walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyo au wazazi wake. Bwana alilikataa swali hilo, akamponya. Ndipo wakuu wakamwita yule mtu na kumhoji mara mbili. Wazazi wake walijua ukweli wa kuzaliwa kwake, lakini kwa kuogopa kutengwa na sinagogi wakasema aulizwe mwenyewe. Yeye hakuwa na elimu ya wale waliomhoji. Alijua jambo moja tu, kwamba alikuwa haoni na sasa anaona. Alilisema, akafukuzwa nje.

Tuna sababu ya kuanza hapo. Miaka mingi iliyopita alikuwako katika usharika wetu mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa bondia. Alipopita miaka hamsini alianza kusahau majina ya wanawe, kuropoka katikati ya ibada, na kuwaka hasira nyumbani kwa jambo dogo. Ulimi ukawa mzito, mwendo ukayumba. Tulisema anakunywa kwa siri. Wengine walisema ana pepo. Alitengwa na Meza ya Bwana, na mama aliyeapa kwamba mumewe haonji pombe hakusadikiwa. Tulimzika bila hata mmoja wetu kuuliza ni ngumi ngapi zilimpata kichwani. Ugonjwa wake hatuwezi kuujua sasa, lakini kosa letu tunalijua. Tuliuliza nani ametenda dhambi.

Laiti tungalijua historia, tungaliuliza swali jingine. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa mji wa Newark, Marekani, alichapisha makala katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo. Alieleza hali ambayo watu wa ulingoni waliijua tayari na kuitania: bondia aliyepigwa sana kichwani huyumba kama mlevi, maneno humtoka kwa shida, na mwisho akili hudhoofika. Martland alisema kwamba hilo si jambo la mzaha, ni madhara ya ubongo. Mwaka 1973, nchini Uingereza, daktari Corsellis na wenzake walieleza walichokiona katika ubongo wa mabondia 15 waliokwisha kufa. Walikuta uharibifu ulioonekana wazi, nao waliukusanya pamoja na maisha ya kila mmoja kama ndugu zake walivyoyasimulia.

Ndani ya ubongo hutokea nini? Seli za neva zina nyuzi ndefu na nyembamba za kupeleka habari. Ndani ya nyuzi hizo mna vijia vidogo mno, na protini iitwayo tau husaidia kuvishikilia visibomoke. Kichwa kinapopigwa, ubongo ambao ni laini hutikisika ndani ya fuvu, na nyuzi zile huvutwa. Mapigo yakirudiwa miaka mingi, kwa watu wengine tau huachana na kazi yake, ikajikunja na kuganda ndani ya seli, hasa kandokando ya mishipa midogo ya damu iliyo chini ya mikunjo ya ubongo. Seli hizo hufa polepole. Si lazima mtu awe amezimia hata mara moja. Mapigo madogo yasiyomwangusha nayo huhesabika. Dalili zaweza kuja miaka mingi baada ya mtu kuacha mchezo, na mpaka leo ugonjwa huu huthibitishwa kwa hakika baada ya kifo tu, ubongo unapochunguzwa kwa hadubini.

Kwa miaka mingi walio wengi waliuona ugonjwa huo kuwa wa mabondia peke yao. Aliyesaidia kuubadili mtazamo huo alikuwa Mwafrika. Bennet Omalu alizaliwa mwaka 1968 katika nchi ya Waigbo, Nigeria, wakati wa vita vya Biafra. Alisomea udaktari nchini mwake, akaenda Marekani, na mwaka 2002 alikuwa akifanya kazi ya kuchunguza maiti mjini Pittsburgh. Ni Mkristo wa Kanisa Katoliki, na amesimulia hadharani kwamba huzungumza na marehemu anaowachunguza, akiwaomba wamsaidie kujua kilichowapata. Jina la ukoo wake kwa ukamilifu ni Onyemalukwube. Maana yake ni kwamba anayejua, na aseme.

Mwezi Septemba mwaka huo uliletwa mwili wa Mike Webster, aliyekufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 50. Pittsburgh nzima ilimjua. Alicheza misimu 17 katika NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, mchezo wa kugongana unaofanana kiasi na raga, na pamoja na timu ya mji huo alitwaa ubingwa mara 4. Lakini baada ya kustaafu alipotea. Kumbukumbu ilimtoka, ndoa ilivunjika, mali iliisha, na nyakati nyingine alilala katika gari lake. Omalu alipoutazama ubongo huo kwa macho, ulionekana wa kawaida. Angeweza kuandika kwamba moyo ulisimama, akafunga jalada. Badala yake aliomba ubongo uhifadhiwe, na gharama za kuuchunguza alizilipa kwa fedha zake mwenyewe. Chini ya hadubini aliiona tau imeganda.

Mwaka 2005 Omalu na wenzake walichapisha habari hiyo katika jarida la Neurosurgery. Ligi ilikuwa na kamati yake ya kuchunguza majeraha ya kichwa tangu 1994. Madaktari wa kamati hiyo waliliandikia jarida wakitaka makala iondolewe. Omalu hakuiondoa. Mwaka uliofuata alichapisha ya pili, kuhusu mchezaji mwingine wa Pittsburgh, Terry Long. Hapa ndipo tunapomwona tena yule kipofu aliyeponywa. Aliitwa mara mbili, akatakiwa abadili ushuhuda, naye akasema tena alichokiona.

Wengine walisimama naye. Katika Chuo Kikuu cha Boston daktari Ann McKee alianza kupokea ubongo wa wachezaji waliofariki, mmoja baada ya mwingine, kwa hiari ya familia zao. Mwezi Februari 2011 Dave Duerson, mchezaji wa zamani aliyewahi kuketi katika jopo la kusikiliza madai ya ulemavu ya wachezaji wastaafu, alijiua akiwa na miaka 50. Aliacha ombi kwamba ubongo wake uchunguzwe. Ulichunguzwa, na ugonjwa ukaonekana. Mwaka 2017 McKee na wenzake walitoa hesabu yao: kati ya wachezaji 111 wa ligi hiyo ambao ubongo wao ulitolewa, 110 walikuwa nao. Tusiisome hesabu hii vibaya. Familia zilizotoa ni hasa zile zilizokwisha kuona dalili, kwa hiyo haisemi kwamba karibu kila mchezaji anaugua. Lakini haikuwezekana tena kusema kwamba ugonjwa haupo. Mwezi Machi 2016 ofisa wa ligi alikuwa amekubali mbele ya wabunge wa Marekani kwamba uhusiano upo. Tangu kifo cha Webster ilikuwa imepita miaka 13, na tangu makala ya Martland miaka 88.

Tukidhani hayo ni mambo ya Wamarekani, tuutazame mchezo tuupendao sisi. Jeff Astle alikuwa mshambuliaji wa West Bromwich Albion ya Uingereza, hodari wa kufunga kwa kichwa. Alikufa mwaka 2002 akiwa na miaka 59, akili ikiwa imemtoka, na uchunguzi rasmi wa kifo chake ukasema kilitokana na kazi yake ya kuupiga mpira kichwa. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow walilinganisha wachezaji wa kulipwa 7,676 wa zamani wa Uskoti na watu wengine wa rika lao. Wachezaji walikuwa na uwezekano wa mara 3 na nusu hivi zaidi wa kufa kwa magonjwa ya kudhoofika kwa ubongo. Mwaka uliofuata Uskoti ilikataza watoto wa chini ya miaka 12 kupiga mpira kichwa mazoezini.

Nasi tunao mabondia, tunao vijana wa bodaboda wanaoanguka bila kofia ngumu, tunao akina mama wanaopigwa kichwani majumbani mwao na kuja ibadani wamejifunga kitambaa. Hatusemi kwamba kila aliyeumia kichwa ataugua hivi, wengi hupona. Twasema kwamba mtu anapobadilika tabia, wazee wa kanisa wamwulize kwanza mkewe na wanawe, wasikilize, wampeleke hospitali, na maombi yaende pamoja naye njiani. Kocha wa timu ya vijana wa kanisa amtoe nje mtoto aliyegongwa kichwa, hata kama mchezo ni fainali.

Mama yule bado yu hai. Mwaka jana baadhi yetu tulikwenda kwake, tukamweleza haya tuliyojifunza, tukamwomba radhi. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Niliwaambia." Ni kweli. Alijua, na alisema.