Kuketi Kwanza na Kuhesabu: Somo la Wahamiaji wa Katanga



Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu ataja mtu atakaye kujenga mnara: yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Historia ya Katanga yatuonyesha jinsi hesabu hiyo ilivyo ngumu kwa mtu anayehamia mjini.

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Shirika la Union Minière, lililoundwa mwaka 1906, lilihitaji watu wengi wa kuchimba na kuyeyusha shaba. Walitoka Kasai, Rwanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini. Kijijini faranga walizoahidiwa zilionekana nyingi, kwa kuwa kule muhogo ulitoka shambani, kuni porini, maji mtoni, na nyumba mtu aliijenga pamoja na ndugu zake. Mjini karibu kila kitu kilikuwa na bei. Hata mahindi ya bukari, miaka ile ya mwanzo, mengi yaliletwa kwa reli kutoka Rhodesia.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, shirika lilianza kutoa mikataba ya miaka 3 na kuwapokea wake na watoto kambini. Lilitoa nyumba, matibabu na posho ya chakula. Mzigo ulipungua, lakini posho ilihesabiwa kuwa sehemu ya malipo, na fedha za mkononi zilikuwa chache. Tena aliyeachishwa kazi alipoteza mshahara, nyumba na chakula kwa pamoja.

Vita vya Pili vya Dunia vikapandisha bei za nguo na bidhaa nyingine, na mishahara haikuzifuata. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi waligoma. Tarehe 9, askari waliwafyatulia risasi katika uwanja wa michezo wa Elisabethville, na makumi wakafa, miongoni mwao msemaji wao, Léonard Mpoyi. Hawakuomba anasa. Waliomba mshahara unaolingana na bei za sokoni. Nusu karne kabla yao, mwaka 1891, Papa Leo XIII alikuwa amekwisha kufundisha katika *Rerum Novarum* kwamba mshahara wa haki humwezesha mfanyakazi kuishi kwa heshima.

Leo wengi wenu mwafikiria kwenda Kolwezi, Lubumbashi au Kinshasa. Msiulize tu: nitalipwa kiasi gani? Ulizeni pia: garanti ya nyumba ni miezi mingapi? Maji, usafiri na chakula ni bei gani? Nikiugua, nani atanitunza? Kitakachobaki kitatosha kuwakumbuka wazazi? Na ninyi mtakaokuwa waajiri kesho, hesabuni vivyo hivyo kwa ajili ya wale mtakaowaita. Anayehesabu mshahara peke yake amehesabu nusu ya mnara.