Paa la Udongo, Paa la Bati

Waandishi vijana tuna ugonjwa mmoja. Tukitaka kuandika hadithi ya kijijini, tunaanza na kibanda cha udongo. Kibanda hicho hakina fundi wala umri. Kimewekwa pale ili msomaji ajue kuna shida. Hadithi ikiisha vizuri, mhusika anajenga nyumba ya bati. Basi! Mimi kwetu ni Ikungi, mkoani Singida, na naomba niwaambie wenzangu kwamba huko udongo na bati vina historia, na ndani yake mna siasa, maradhi na hesabu ya maji.

Nyumba ya jadi ya Wanyaturu, kama ya jirani zetu Wagogo, Warangi na Wanyiramba, ni tembe: ndefu, ya kimo kifupi, paa lake bapa. Unachimbia nguzo za miti migumu, juu yake unalaza boriti, halafu fito zilizobanana, halafu nyasi au magome, mwisho udongo. Ukipata wa kichuguu ndio wenyewe, maana unashikamana. Kuta ni fito zilizokandikwa. Msumari hauhitajiki; kamba za magome zinatosha. Mchana wa Oktoba, jua likiwaka kweli kweli, ndani kuna ubaridi wa mtungi. Usiku wa Julai, upepo wa Singida ukivuma, ndani kuna joto. Juu ya paa unaanika mtama, na ndama wana upande wao wa kulala.

Hii haikuwa nyumba ya walioshindwa. Mwingereza Richard Burton, aliyepita nchi za kati na msafara wake mwaka 1857, aliikuta tembe kila mahali na akaiandika katika kitabu chake cha 1860. Tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872 pale Kwihara, karibu na Tabora, leo ni makumbusho. Mwenye mali na asiye nayo wote walilala chini ya udongo. Tofauti ilikuwa ukubwa wa nyumba na wingi wa ng'ombe.

Sasa nani aliiua tembe? Watu husema bati. Mimi nasema kwanza ilihamishwa. Kati ya 1973 na 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila ukoo na mashamba yake, waliamriwa kukaa pamoja. Tembe haibebeki. Boriti zake ni miti iliyochukua miaka mingi kukua, na udongo wa paa huwezi kuupakia kwenye lori. Aliyeacha tembe ya vyumba vingi alifika kijiji kipya akapimiwa kiwanja kwenye mstari, akajenga upesi upesi alichoweza. Na wakubwa wakahimiza "nyumba bora", yaani yenye madirisha, ya tofali, na ikiwezekana ya bati.

Hapo ndipo historia inapochekesha. Mwaka 1977, Mwalimu Nyerere alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwalaumu watu kwa kung'ang'ania saruji na bati. Alitaka wajenge kwa tofali za kuchoma na vigae, akawakumbusha kwamba saruji nayo ni udongo, ila watu wanaiheshimu kama udongo wa Ulaya. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini mwananchi naye alikuwa ameshaambiwa kwamba nyumba ya babu yake si bora! Tena saruji yenyewe ilikuwa wapi? Kiwanda cha Wazo Hill kilianza mwaka 1966, lakini kiko Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka kwetu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 uhaba ukazidi, na mfuko wa saruji ukawa kitu cha kutafutiwa kibali na mjomba mwenye cheo.

Lakini tusiipake tembe asali. Mvua kubwa ikija paa linavuja, na kila mwaka lazima liongezwe udongo. Mchwa wanakula nguzo, na miti ya kubadilisha iko mbali zaidi kila msimu. Kuna pia papasi, kupe wanaojificha kwenye nyufa za sakafu na kuta, wakatoka usiku kuuma waliolala na kuwaambukiza homa inayopoa kisha ikarudi. Ugonjwa huo umeandamana na nyumba za tembe Tanzania ya kati kwa miaka mingi, na umewaua hasa watoto wachanga.

Halafu kuna maji. Kwetu mwaka huu lilikuja suala la nyumba ya bibi. Ukoo umechanga, shangazi anataka ibomolewe yote, baba mkubwa anataka ibaki kama ukumbusho. Bibi aliulizwa mwisho. Akasema: "Wajukuu zangu, udongo unanipa usingizi. Bati litanipa maji." Piga hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Singida hupata kama milimita 500 hadi 800 kwa mwaka. Chukua 600 tu, na paa la mita za mraba 40: ni lita 24,000, kabla ya kutoa zinazopotea. Kwa mwanamke aliyebeba ndoo tangu utoto, bati si ufahari.

Kwa hiyo mimi nimesimama na bibi: bati juu, na dari chini yake, maana bati tupu mchana ni tanuri na mvua ikinyesha hamsikilizani. Kuta zibaki za udongo, nene, nyufa zizibwe na sakafu isakafiwe papasi wakose maficho. Shangazi anasema kuta ziwe za tofali za kuchoma. Nami nauliza: tanuri la tofali linakula nini kama si miti ile ile? Wakala wa utafiti wa nyumba wa serikali, ulioanzishwa mwaka 2001, umekuwa ukifundisha tofali za kufungamana, udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Njia ya katikati ipo.

Mchango bado uko kwa mweka hazina na ukoo haujaamua. Tatizo ni aibu. Hata sensa za 2012 na 2022 zilipita zikiuliza paa ni la nini, na mwenye tembe anajua jibu lake litamweka fungu gani. Wakati huohuo, wazee wanaojua kupanga boriti na kuchagua udongo wanapungua. Ewe unayetaka kuandika kijiji, nenda kwanza kwa fundi, umuulize ule udongo aliutoa wapi.