Mahali Patakatifu Katika Uwanda wa Kati

Tukisimama katikati ya mji wa Dodoma na kuelekeza nyuso zetu kaskazini, barabara iliyo mbele yetu ni ile iendayo Kondoa, na kutoka Kondoa hufika Kolo penye michoro ya mapangoni, kisha Babati na Arusha. Tukitazama ramani ya dunia twaona jambo jingine. Mstari ulionyooka kutoka Dodoma kwenda kaskazini, baada ya kuvuka Kenya, Ethiopia, Sudani na Bahari ya Sham, hupita karibu kabisa na Yerusalemu. Makka nayo iko upande huo huo, mashariki kidogo ya mstari. Kwa hiyo Mwislamu asaliye Dodoma akielekea Kibla, na Myahudi ambaye angesali hapo akielekea Yerusalemu, wangesimama karibu sambamba; na mbele yao wote wawili, umbali wa kilomita zipatazo 180, yangekuwapo mawe ya Kolo ambayo watu wa nchi hii waliyaheshimu kabla ya msikiti wala kanisa kujengwa.

Ramani haithibitishi imani ya mtu yeyote. Tumeanza nayo kwa sababu yatukumbusha kwamba dini huishi katika nchi, nayo nchi ina udongo wake, maji yake na miti yake. Katika insha hii twataka kuchunguza mahali patakatifu na vitu vya ibada katika uwanda wa kati wa Tanzania, na kuuliza swali moja: kitu kitakatifu hutunzwaje? Je, hutunzwa kwa kufungiwa kisiguswe, au kwa kutumiwa na watu ambao ni chao?

Dini ya Kiyahudi, Ukristo na Uislamu ni dini zenye asili inayohusiana. Zote tatu humwungama Mungu mmoja na humtaja Ibrahimu kuwa baba wa imani. Lakini mafunzo yao juu ya mahali na vitu hayafanani. Hapo kale Waebrania waliabudu katika hema. Walikuwa wafugaji wenye kuhama, na mahali pao patakatifu palifungwa na kuchukuliwa safarini. Baadaye walijenga Hekalu Yerusalemu, nalo lilipobomolewa na Warumi mwaka 70 baada ya Kristo, Wayahudi walilazimika kujifunza kuabudu pasipo Hekalu. Nyumba yao ya sala, yaani sinagogi, ikawa nyumba ya kusomea Torati. Kitu kitukufu kupita vyote ndani yake ni gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono. Gombo hilo likichakaa halitupwi jalalani. Huzikwa kwa heshima kama azikwavyo mtu.

Katika uwanda wetu wa kati dini ya Kiyahudi haikuacha majengo. Katika Afrika Mashariki jumuiya za Kiyahudi zilijenga nyumba zao kwingine. Nairobi lipo sinagogi la jumuiya iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20. Na karibu na Mbale, nchini Uganda, wapo Abayudaya, Waganda waliomfuata Semei Kakungulu alipoishika dini hiyo mwaka 1919. Hata hivyo urithi wa Kiyahudi ulifika Ugogo kwa njia ya kitabu. Zaburi ziimbwazo makanisani ni nyimbo za Waebrania, na majina ya Musa, Daudi na Suleimani yanajulikana madrasani kama yanavyojulikana makanisani.

Uislamu na Ukristo uliingia bara kwa njia ya misafara. Katika karne ya 19 njia kuu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, kisha ikakata nchi ya Wagogo, ambako watemi walitoza hongo kwa maji na kwa ruhusa ya kupita. Wafanyabiashara na wapagazi Waislamu walisali njiani, penye kambi. Yatupasa kukumbuka kwamba sala ya Mwislamu haihitaji jengo: mahali safi na mwelekeo wa Kibla vyatosha. Na pasipo maji, sheria humruhusu kutayamamu, yaani kujitoharisha kwa udongo safi. Hukumu hiyo ilitolewa kwa watu wa jangwani Uarabuni, nayo katika nchi yetu, ambapo Dodoma hupata mvua ya kiasi cha milimita 570 tu kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, ilieleweka bila maelezo mengi. Udongo ambao Mgogo aliezekea tembe yake uliweza pia kumtoharisha msafiri.

Wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society walifika Mpwapwa mwaka 1876, wakiwa katika safari ya kwenda Buganda, na tangu 1878 kituo chao kikawa na wakazi. Nyumba za kwanza za sala katika sehemu hizi zilikuwa za miti na udongo, kama za wenyeji. Mjenzi hujenga kwa vitu vilivyopo, naye fundi ajuaye kazi hiyo alikuwa mwenyeji. Mabadiliko makubwa yalikuja na reli. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na pamoja nayo zikaja saruji, mabati na mbao za kutoka mbali. Mwaka 1927 ilianzishwa Dayosisi ya Kati ya Tanganyika, George Chambers kutoka Australia akiwa askofu wake wa kwanza. Upande wa Wakatoliki, Dodoma ilipewa mamlaka yake ya kanisa mwaka 1935 chini ya mapadre Wapasionisti kutoka Italia, ikawa jimbo mwaka 1953, na jimbo kuu mwaka 2014.

Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu la Waanglikana, ambalo ni la miaka ya 1930, lina kuba, na wageni wengi waingiao mjini huliona wakadhani ni msikiti. Wengine hucheka, wengine hushangaa. Mwalimu wa historia hana sababu ya kushangaa. Kuba si mali ya dini moja. Kanisa la Hagia Sophia, lililokamilika mwaka 537 katika mji uitwao leo Istanbul, lilikuwa na kuba kubwa kabla ya Uislamu kudhihiri. Lilipofanywa msikiti mwaka 1453, mafundi wa misikiti walijifunza kwake. Huko Yerusalemu nako, Kuba ya Mwamba, iliyojengwa na Waislamu mwishoni mwa karne ya 7, imesimama katika uwanja uleule uliokuwa wa Hekalu la Wayahudi. Hivyo mgeni adhaniaye kwamba amekosea nyumba hakukosea sana: ameona alama ya ujirani wa zamani.

Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na hasa Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa kasi tangu 2016, majengo ya ibada yaliongezeka ukubwa na idadi. Msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa mwaka 2010, huweza kuchukua waumini wapatao 3,000. Majengo kama hayo huonekana upesi. Vitu vidogo vya ibada huonekana kwa uchache, ingawa aghalabu ndivyo vyenye historia ndefu. Tutataja viwili.

Cha kwanza ni zabibu. Mizabibu ya Dodoma, ambayo leo ni zao la biashara, ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki, na jina la Bihawana hutajwa kila habari hiyo isimuliwapo. Katika dini ya Kiyahudi divai hubarikiwa mwanzoni mwa Sabato. Katika Ukristo hutumika mezani pa Bwana. Katika Uislamu divai ni haramu, ila tunda lenyewe ni halali na limetajwa katika Kurani miongoni mwa neema. Basi shamba moja la mizabibu laweza kuwalisha majirani wa dini mbalimbali, kila mmoja akijua mpaka wake.

Cha pili ni ngoma. Wanawake wa Kigogo wana ngoma yao iitwayo muheme, ambayo asili yake ni katika unyago wa wasichana. Kwa miaka mingi ngoma za namna hiyo hazikukubaliwa kanisani, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa za kipagani. Leo muheme husikika katika makanisa ya Dodoma, ikipigwa na wanawake wale wale kwa maneno ya Kikristo. Ngozi ni ile, mikono ni ile, na mdundo ni ule. Kama ingekuwa imechukuliwa na kuwekwa katika kabati la kioo tangu ilipokatazwa, tungebaki na umbo lake tu, na mpigaji asingekuwapo. Iliokolewa na wale walioendelea kuipiga nyumbani.

Sasa twaweza kwenda Kolo. Katika vilima vya Kondoa yamo mapango na miamba zaidi ya 150 yenye michoro. Ile ya rangi nyekundu, ya wanyama na ya watu warefu wembamba, ilichorwa na wawindaji wa kale. Ile ya rangi nyeupe ni ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Serikali ya kikoloni iliitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1937, Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini kwa Warangi mahali paitwapo Mungumi wa Kolo hapakuwa kamwe makumbusho. Ni mahali pa kuomba mvua na uponyaji. Wazee huenda hapo kutambika, na pombe ya nafaka hunyunyizwa mwambani. Wengi wa wenyeji wa Kondoa ni Waislamu, na Wakristo nao wapo. Tambiko halikukoma kwa sababu hiyo.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa gumu. Pombe inyunyizwayo hufifiza rangi iliyodumu karne nyingi. Mhifadhi huona uharibifu. Mzee wa tambiko huona utunzaji, kwani kwake mahali pasipopewa haki yake ni mahali palipokufa. Nayo sheria haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Hulinda jiwe na rangi; juu ya tendo la ibada liendeleapo haina la kusema. Tena mwaka huo 1863 hutupa funzo jingine. Kituo cha Mpwapwa kilianzishwa mwaka 1876, na reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Maana yake, makanisa na misikiti tuliyotaja hapa yote imo nje ya ulinzi huo wa moja kwa moja, isipokuwa pale litakapotolewa tangazo maalumu. Msikiti wa zamani wa udongo waweza kubomolewa leo kupisha wa saruji, na hakuna sheria itakayouliza.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zina haki, lakini haki hizo hazina uzito sawa katika kila jambo. Mchoro ukifutika haurudi. Tambiko laweza kusogezwa hatua chache, mradi wenyewe waamue. Kwa hiyo si vema afisa kuwakataza wazee wasifike Kolo, na si vema pia kuwaacha bila kuwaeleza yanayoupata mwamba. Wakae pamoja, wachague jiwe lisilo na mchoro ambalo litapokea sadaka. Dini kubwa zimekwisha kufanya vivyo hivyo. Wayahudi waliupoteza mji wao, wakaihamishia ibada katika kitabu. Wakristo wa Ugogo waliichukua ngoma ya unyago wakaipa maneno mapya. Msafiri Mwislamu alikosa maji, akaruhusiwa kutumia udongo.

Kwa walimu na wanafunzi kazi iko karibu. Katika kila kijiji cha uwanda huu lipo jengo la ibada la kwanza, au msingi wake, au mti uliotumika kabla yake. Wapo wazee wajuao ni nani aliyefyatua matofali, maji yalitekwa wapi, na kengele au mikeka ilitoka wapi. Mwanafunzi na aende kwao na daftari, asalimu, aulize, aandike na kupima. Aandike pia ni nani afagiaye mahali hapo sasa, kwa maana huyo ndiye mtunzaji wa kwanza, na asipokuwapo yeye, ulinzi mwingine wote huchelewa.