Nani Mwenyeji? Wageni wa Biashara katika Tembe za Unyanyembe

Tabora ya katikati ya karne ya 19 haikuwa na hoteli. Ilikuwa na tembe: nyumba ya udongo, paa lake bapa, vyumba vikizunguka ua, na mbele baraza ya kupokelea wageni. Mfanyabiashara toka pwani alipokelewa na mwenzake, akala na kulala bila kudaiwa kodi ya chumba. Hebu tujiulize: gharama ilibebwa na nani?

Mwenyeji anayesifiwa sana vitabuni ni Snay bin Amir, Mwarabu wa Omani. Novemba 7, 1857, aliwapokea Burton na Speke huko Kaze, akawatunza na kuwapa habari za maziwa. Habari hizo ndizo zilizomfikisha Speke Nyanza Agosti 1858.

Sasa basi, mbona wageni walikaa muda mrefu hivyo? Jibu ni wapagazi. Misafara mingi ilivunjikia Unyanyembe: waliotoka pwani walilipwa wakaenda zao, wapya wakatafutwa, na msimu wa kilimo Wanyamwezi hawakukubali kirahisi kuacha mashamba. Livingstone, baada ya kuagana na Stanley Machi 14, 1872, alikaa Kwihara hadi Agosti 25 akingoja wapagazi toka pwani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni alikaa miezi, na jembe akalishika mtumwa katika shamba la mwenye tembe.

Tena, huyo mwenye tembe naye alikuwa mgeni. Nchi ilikuwa ya Mtemi Fundikira. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, anatusimulia kwa Kiswahili chake mwenyewe kuwa baba yake alimwoa Karunde, binti wa Fundikira. Ndoa ndiyo iliyofungua mlango. Lakini Manwa Sera, aliyemrithi Fundikira, alipowadai Waarabu ushuru, walimpiga vita na kumtawaza Mkasiwa. Snay, yule mkarimu wetu, aliuawa katika vita hivyo.

Kwa hiyo tunaposoma maandishi haya tusiishie barazani. Burton, Stanley na Tippu Tip wanatutajia majina ya wenye nyumba. Aliyetwanga nafaka ya mgeni hatajwi jina. Mhakiki hana budi kuingia hadi uani, maana ukarimu ule ulipikwa huko.